Obama wa Springfield: kura nyingi, wapinzani wachache

Kenya kuna bia ya keg ya bei nafuu iitwayo Senator. Iliingia sokoni mwaka 2004, na haikuchukua muda wanywaji wakaipa jina la utani: Obama. Ndio mwaka ambao mtoto wa marehemu Barack Obama wa Nyang'oma Kogelo, Siaya, alichaguliwa kuwa seneta wa Marekani. Jina likashuka kutoka kwenye televisheni hadi kwenye bilauri. Alipotua Kogelo Agosti 2006, watu walikuwa wakimlaki seneta mkubwa, mmoja kati ya 100 wa nchi nzima.

Ila kulikuwa na seneta mwingine kabla ya huyo, na huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 Obama alikaa kwenye Seneti ya Illinois, katika mji mkuu wa jimbo, Springfield, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani kwake Chicago. Ni kazi ya msimu. Bunge likivunja kikao alirudi kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago na kushika kesi kwenye ofisi ndogo ya mawakili wa haki za kiraia. Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, maana "jimbo" kwetu ni eneo la mbunge na pia ndilo jina tunaloiita Illinois yenyewe. Hivyo Illinois nitaiita jimbo, na sehemu aliyoiwakilisha Obama nitaiita eneo la 13. Maeneo yapo 59, kila moja na watu laki mbili hivi.

Wapenzi wake husema miaka ile minane ilimpika. Wasiompenda husema alipita mlango wa nyuma, akakaa kimya, kisha akabebwa. Nimezipitia hoja za pande zote mbili. Nilichokiona ni kwamba wote wawili hupenda kushika takwimu za kura, na takwimu za kura ndizo zinazosema machache kuliko kitu kingine chochote kwenye rekodi yake.

Tuzitazame. Novemba 1996: Obama kura 48,592, sawa na asilimia 82. Aliyemfuata, wa chama kidogo kilichobeba jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, alipata 7,461. Mgombea wa Republican aliambulia 3,091. Mwaka 1998: Obama 45,486, asilimia 89, dhidi ya Mrepublican mmoja aliyepata 5,526. Mwaka 2002: 48,717, peke yake kwenye karatasi. Mtu akiona hivyo atasema huyu alipendwa. Inawezekana kabisa. Lakini eneo la 13, lenye Hyde Park na mitaa ya weusi ya kusini mwa Chicago, ni ngome ya Democratic tangu zamani. Pale mgombea wa Republican husindikiza tu. Mwenye tiketi ya Democratic amemaliza kazi mwezi Machi, kwenye kura za mchujo, na Novemba ni kukamilisha ratiba tu. Kwa hiyo swali la maana ni nani alimpinga Machi.

Hakuna. Si 1996, si 1998, si 2002. Na kwa nini hakuna mwaka 1996, hapo ndipo penye hadithi.

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamama msomi na mwanaharakati mwenye heshima kubwa mtaani. Mwaka 1995 mbunge wa Congress, yaani Bunge la taifa la Marekani, wa eneo jirani, Mel Reynolds, alitiwa hatiani kwa makosa ya ngono yaliyomhusisha msichana mdogo, akajiuzulu. Palmer alikuwa ameshaamua kuwania nafasi hiyo. Akamwachia kijiti kijana wa miaka 34, mhitimu wa Harvard, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameongoza kampeni ya Project Vote iliyoandikisha wapigakura wapya wapatao 150,000. Septemba 1995, katika hoteli moja ya Hyde Park, Obama akatangaza nia huku Palmer akimuunga mkono.

Novemba 28, Palmer akaanguka. Akashika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Jr. na nyuma ya mkongwe mmoja wa Seneti aitwaye Emil Jones. Tutamrudia huyu Jones. Watu wa Palmer wakamwendea Obama wakamwambia, kijana, mama amerudi, mpishe. Obama akakataa. Alishachangisha fedha, alishachapisha karatasi, na Palmer mwenyewe alikuwa amempa neno lake. Palmer akachukua fomu haraka haraka na kukusanya saini za wadhamini ndani ya siku chache. Zilihitajika 757. Yeye akapeleka zaidi ya 1,500.

Hapo kambi ya Obama ikafanya jambo ambalo msomaji wa Tanzania halihitaji kuelezwa sana: ikaweka pingamizi. Watu wake walikwenda ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, wakakaa na karatasi za wadhamini na daftari la wapigakura, na kupitia jina moja baada ya jingine. Huyu hajaandikishwa. Huyu anaishi nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa, na saini hutakiwa iwe ya mwandiko wa kuunganisha. Huyu jina lake limefutwa kwenye daftari juzi tu, lilipofanyiwa usafi. Mstari mwekundu, mstari mwekundu. Na hawakuishia kwa Palmer. Wagombea wote wengine watatu walipitiwa vivyo hivyo. Mmoja wao, Gha-is Askia, alipeleka saini 1,899. Uhakiki ulipokwisha alipungukiwa na 69. Palmer alipoona zake zimechakaa kiasi gani akajitoa mwenyewe katikati ya Januari. Mpaka Machi 1996 karatasi ya mchujo ilikuwa na jina moja.

Sasa tupime.

Upande unaomtetea una hoja ya moja kwa moja, nayo si dhaifu. Sheria ya saini ilikuwapo kabla hajazaliwa kisiasa. Chicago yote inajua kwamba fomu zako zitakaguliwa, na siasa za mji ule huanzia kwenye meza ya pingamizi. Obama mwenyewe alipoulizwa miaka baadaye alijibu kwamba alifuata kanuni zilizokuwapo, na kwamba mtu anayeshindwa kukusanya saini halali mia saba na kitu anazua shaka kuhusu jinsi atakavyowawakilisha watu. Tena ni Palmer aliyevunja ahadi. Angempisha, leo tungemwita mpole, na pengine tusingemjua kabisa.

Upande wa pili unauliza swali ambalo mimi binafsi siwezi kulipuuza. Huyu ni mtu aliyejipatia jina kwa kuingiza watu kwenye daftari la wapigakura. Uchaguzi wake wa kwanza aliushinda kwa kuonyesha nani hayumo kwenye daftari. Wakazi laki mbili wa eneo lile, wengi wao maskini, walinyimwa nafasi ya kuchagua kati ya mama wanayemjua na kijana wasiyemjua, na kilichowanyima ni herufi za kuchapa. Yeyote anayekumbuka uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania mwaka 2019, wagombea wa upinzani walivyoenguliwa kwa kukosea kujaza fomu, anajua sheria inaweza kufuatwa neno kwa neno na bado mpigakura akarudi nyumbani mikono mitupu. Zipo tofauti, sitaki kuzificha: kule hakuna dola iliyomsaidia Obama, na tume haikuwa ya chama chake peke yake. Kwa maana hiyo kulinganisha kuna mpaka. Lakini mpigakura wa mtaa wa Englewood aliyekwenda kituoni Machi 1996 akakuta jina moja, tofauti hiyo ilimsaidia nini?

Uamuzi wangu: alikuwa na haki, na alibaki na deni. Palmer, kwa upande wake, hakusahau. Mwaka 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton dhidi ya Obama kwenye mbio za urais.

Deni lile nadhani lilikuja kulipwa Machi 21, 2000. Baada ya miaka mitatu Springfield, Obama alikuwa amechoka. Chama chake kilikuwa cha wachache. Rais wa Seneti alikuwa James Philip, anayejulikana kama Pate, Mrepublican wa vitongoji vya wazungu ambaye miswada ya Democrats aliizika kwenye kamati ya kanuni bila hata kuisoma. Obama akaamua kumvaa Bobby Rush, mbunge wa Congress wa eneo la kwanza la Illinois. Hili ni eneo lililoshikwa na weusi mfululizo tangu 1929, muda mrefu kuliko lingine lolote Marekani. Ujanani Rush alikuwa mmoja wa viongozi wa Illinois wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi. Mwaka mmoja kabla alikuwa amegaragazwa na Richard M. Daley kwenye umeya, na Obama akadhani mzee amekalia kuti kavu.

Hesabu ilikuwa mbovu. Obama mwenyewe amesimulia kwamba utafiti wa maoni alioufanya akiwa ameshaingia ulingoni ulionyesha Rush anajulikana na asilimia 90 ya watu, yeye asilimia 11. Kisha Oktoba 1999 kijana wa Rush akapigwa risasi na kufa. Huwezi kumshambulia baba aliyefiwa. Desemba hiyo gavana George Ryan akaita kikao cha dharura kuhusu sheria ya silaha. Obama alikuwa Hawaii kwa bibi yake na familia, mtoto akaugua, akakawia kurudi. Muswada ukakosa kura chache, magazeti yakamchana. Mitaani nako wapinzani walipita wakinong'ona kwamba huyu ni wa kuja, mtoto wa mzungu wa Hawaii na Mwafrika, aliyetumwa na maprofesa wa Hyde Park. Pwani tungesema si mwenyeji, hata akijenga. Rais Clinton akamaliza mchezo kwa kumuunga mkono Rush.

Rush 59,599. Obama 29,649. Seneta mwenzake Donne Trotter 6,915. Asilimia 61 kwa 30.

Miezi michache baadaye rafiki zake walimshawishi aende Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa Democratic. Alifika, akaenda dawati la kukodisha gari, kadi yake ikakataliwa. Alipofika ukumbini hakuwa na kibali cha kuingia sakafuni, akatazama hotuba kwenye skrini za kwenye korido, akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Miaka minne baadaye, kwenye mkutano kama huo Boston, ndiye aliyekuwa jukwaani.

Hapa wachambuzi wengi husema kushindwa kulimfundisha. Sawa. Mimi nasema jambo la ziada: katika miaka ile ya Springfield, kabla ya 2004, huu ndio uchaguzi pekee ambao watu wake wa kusini mwa Chicago walipewa nafasi ya kweli ya kumpima dhidi ya mtu mwingine, na walimpima. Walimkataa mara mbili kwa moja. Alifanya vizuri zaidi kwenye mitaa ya wazungu kuliko kwa weusi aliotaka kuwawakilisha. Hata hivyo hakupoteza kiti chake, kwa kuwa muhula wake wa useneta ulikuwa unaendelea hadi 2002. Alicheza kamari bila kuweka shamba rehani, na huo nao ni ujanja wa kisiasa usiotajwa sana.

Tuje kwenye kura alizopiga yeye ndani ya ukumbi, maana huku ndiko Hillary Clinton alikombana mwaka 2008.

Kwenye dawati la seneta wa Illinois kuna vitufe vitatu. Kijani ni ndiyo, chekundu hapana, cha njano ni "nipo". Kwa miaka minane, kati ya kura zipatazo 4,000, Obama alibonyeza cha njano karibu mara 130. Wapinzani wake walisema huyu ni mwoga, mtu wa "nipo" tu. Maneno hayo yakikufika bila maelezo yanakaa vizuri sana mdomoni.

Maelezo yenyewe ni kwamba muswada hauhitaji kuwazidi wanaoupinga tu, unahitaji kura 30 kati ya 59. Ukibonyeza "nipo" hujauongezea kitu, ni sawa na hapana. Na mara nyingi Democrats walibonyeza njano kwa makubaliano. Kwenye miswada ya utoaji mimba, ambayo Republican waliileta wakijua itawatia Democrats wa maeneo magumu matatani, shirika la uzazi wa mpango la Planned Parenthood la Illinois ndilo lililowaomba wenye viti salama wabonyeze njano ili wenzao wenye viti vya mashaka wapate pa kujificha. Obama, mwenye asilimia 89, alikuwa akiwafunika wengine. Kwa hizo kura shutuma ya woga inaanguka.

Lakini haianguki kwa zote. Mwaka 1999 kulikuwa na muswada wa kuwapeleka baadhi ya watoto kwenye mahakama za watu wazima kwa kufyatua silaha karibu na shule. Obama aliona sheria hiyo haifai, wala haitapunguza uhalifu. Wapigakura wake, ambao watoto wao ndio wanaouawa na ndio wanaofungwa, walikuwa wamegawanyika. Akabonyeza njano, na muswada ukapita kwa kishindo. Hapo hakuna wa kufunikwa. Mtu aliyeamini sheria ni mbaya, mwenye kiti kisichotikisika, angeweza kubonyeza nyekundu ikamgharimu nini? Jibu ni kwamba mwaka ule alikuwa anajiandaa kumvaa Rush. Kwa hiyo, kati ya kura zile 130, nyingi zina utetezi, chache hazina, na hizo chache zinaonyesha mtu aliyekuwa anaangalia cheo kinachofuata.

Kuna na kisa cha Juni 11, 2002. Seneti ilikuwa ikipigia kura dola milioni 2 za ofisi ya ustawi wa watoto magharibi mwa Chicago, eneo la seneta Rickey Hendon. Obama akaungana na Republican kuzikata. Dakika chache baadaye akasimama kuhubiri juu ya bajeti ya kuwajibika. Hendon akapandisha: wewe uliyefunga ofisi yangu leo unatufundisha uwajibikaji? Obama akajibu kwamba hakujua kuwa amepiga kura ya hapana, akaomba kumbukumbu ziandike kuwa alikusudia ndiyo. Nusura wavaane, wenzao wakawatenganisha. Si mara hiyo tu alisema amebonyeza kitufe kisicho chake. Ziliripotiwa mara kadhaa. Binadamu hukosea, vitufe viko karibu karibu, kikao kinafika usiku. Ila kwa mtu anayesifiwa kwa umakini, inachekesha kidogo.

Sasa tufike kwa kilichobaki, yaani sheria zenyewe. Hapa ndipo naona upande wa utetezi una nguvu zaidi, japo una donda lake.

Mwaka 1998, akiwa mgeni na wa chama cha wachache, alikuwa mmoja wa waliosukuma sheria ya kupiga marufuku zawadi kutoka kwa washawishi wanaolipwa kuwabembeleza wabunge, na kuwazuia wabunge kutumia fedha za kampeni kwa mambo yao binafsi. Illinois ni jimbo ambalo magavana wake wamekwenda jela mmoja baada ya mwingine, George Ryan na Rod Blagojevich wote wawili. Kuwaambia wazee wa ukumbi ule kwamba fedha ya kampeni si ya kununulia gari ni sawa na kuingia jikoni kwa watu na kuhesabu nyama. Ilipita, tena kwa kura 52 kwa 4.

Kisha mambo yakabadilika kwa sababu ya kofia. Sheria ya Illinois inasema tume ya kuchora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi ikifungana, mshindi huchaguliwa kwa kura ya bahati. Septemba 2001, ofisa wa jimbo Jesse White alitumbukiza mkono kwenye kofia ndefu iliyotengenezwa kama ile ya Abraham Lincoln, akatoa jina la Mdemocrat. Kwa kipande kile cha karatasi Democrats wakapata kalamu ya kuchora ramani. Eneo la Obama likanyooshwa kando ya ziwa hadi kwenye ghorofa za matajiri wa kaskazini ya katikati ya mji. Bado lilikuwa na weusi wengi, ila sasa lina na wafadhili. Novemba 2002 Democrats wakashika Seneti, na aliyekuwa rais wake mpya ni Emil Jones, yule yule aliyemshinda Palmer kwa nafasi moja mwaka 1995.

Kisa kimesimuliwa na Jones mwenyewe mara nyingi. Obama alimfuata akamwambia: wewe sasa una nguvu ya kumfanya mtu seneta wa Marekani. Jones akauliza, unamjua nani? Obama akajibu: mimi. Kuanzia hapo mzee akamfunga mbeleko. Akampa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, akampa na miswada. Katika mwaka mmoja Obama alipitisha miswada 26, baada ya miaka sita ya ukame. Baadhi ilikuwa imehangaikiwa na wengine kwa miaka. Hendon na wenzake walilalamika kwamba wao wamelima, mwingine anavuna na kupigwa picha. Malalamiko hayo ni ya haki. Ukisoma orodha ya mafanikio yake bila kutaja jina la Jones umesoma nusu.

Hata hivyo kuna muswada mmoja ambao siwezi kukubali kwamba alipewa mezani. Tangu Illinois irudishe hukumu ya kifo mwaka 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na 13 walikuwa wametolewa kwenye orodha ya kifo baada ya kubainika hawana hatia. Gavana Ryan alisimamisha adhabu hiyo Januari 2000. Sehemu ya ubovu ilikuwa kwenye chumba cha mahojiano cha polisi, hasa Chicago, ambako kamanda Jon Burge na vijana wake walitesa watuhumiwa weusi mpaka wakakiri. Obama akataka mahojiano ya kesi za mauaji yarekodiwe kwa video, mwanzo hadi mwisho. Polisi hawakutaka. Waendesha mashtaka hawakutaka. Gavana mpya, Blagojevich, Mdemocrat mwenzake, alikuwa ameshasema anapinga.

Jones angeweza kumpa kamati, ila asingeweza kukaa kwa niaba yake na makamanda wa polisi wiki baada ya wiki. Obama alikaa. Aliwaambia kwamba kamera itamlinda pia askari mwema asisingiziwe kipigo, na itamfunga muuaji kwa mdomo wake mwenyewe. Alikubali vighairi, akapunguza hapa, akashikilia pale. Ilipofika ukumbini ilipita 58 kwa 0, na Julai 2003 gavana akageuka akaitia saini. Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge. Mwaka huo huo ikapita na sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Kama kuna sababu ya kumkumbuka seneta wa eneo la 13, kwangu ni kamera ile kwenye kona ya chumba. Kijana anayeketi chini yake leo pengine hajui iliwekwa na nani.

Watetezi wa Obama watasema nimesahau Machi 16, 2004. Sijasahau. Kwenye mchujo wa useneta wa Marekani walikuwa wagombea saba, na Obama alipata karibu asilimia 53. Dan Hynes, mtoto wa ukoo wa kisiasa, alifuata kwa mbali na asilimia 24. Huo ulikuwa ushindani wa kweli, jimbo zima, na alishinda kwa kura halali za watu. Ila hata hapo bahati ilimfuata: tajiri Blair Hull, aliyemwaga dola milioni 29 za mfukoni, aliporomoka baada ya faili za talaka yake kufunguliwa. Juni, mgombea wa Republican Jack Ryan naye akajitoa kwa faili za talaka. Republican wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland, mtu ambaye hata Chicago alihitaji kuoneshwa njia. Novemba Obama alishinda kwa asilimia 70 dhidi ya 27.

Na hotuba ya kupinga vita vya Irak, Oktoba 2, 2002, kwenye uwanja wa Federal Plaza? Ilikuwa ya ujasiri, na ilimbeba 2008. Ninachoongeza ni kwamba seneta wa Springfield hapigi kura juu ya vita. Hakuwa na kitufe chochote cha kubonyeza siku ile, wala cha njano.

Alipojiuzulu Novemba 2004, kiti cha eneo la 13 hakikupigiwa kura. Kamati ya viongozi wa chama ilikaa ikamteua Kwame Raoul, wakili, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye leo ni mwanasheria mkuu wa Illinois. Raoul alipopanda Januari 2019, kamati ikakaa tena ikamteua Robert Peters. Na Alice Palmer, mama aliyekwamishwa na saini, yeye mwenyewe aliingia Seneti mwaka 1991 kwa kuteuliwa.